Aliyepanda Juu ya Paa

Fundi wa antena alivuta televisheni ya nyumbani kwake mbele kidogo, akachungulia nyuma, na wivu ukampanda. Waya ulikuwa mpya.

Tena haukuwa ule mwembamba unaomeza mawimbi njiani. Aliyeuchagua alijua kwamba kutoka paani hadi sebuleni ni mbali, akachukua ule mnene, wenye wavu mzito wa shaba chini ya ganda. Kwenye plagi wavu ulikunjwa nyuma vizuri, usibaki uzi hata mmoja wa kugusa waya wa katikati.

Kazi safi. Safi kuliko yake.

"Nani alipanda juu ya paa langu?"

"Picha ilijaa chenga mwezi mzima," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Mganga hajigangi. Kwa watu unakimbia, kwako kesho, kesho."

"Nimekuuliza, mwanamume gani?" Akilini alishawapitia mafundi wote wa mtaa, na kila mmoja alimchukia.

Mkewe alitoka akifuta mikono, akainua kidole gumba. Kilikuwa na mkato mbichi wa kisu cha kumenyea waya.

"Ni mimi, mume wangu. Miaka yote nakushikia ngazi, ulidhani na macho yameshika ngazi?"

Pumzi zikamshuka. Alicheka, nusura amkumbatie.

Mlangoni ikasikika sauti ya jirani, mteja wake wa siku nyingi. "Hodi! Fundi yupo?"

"Nipo, karibu!" Akanyoosha mkono kuchukua mkoba wa koleo.

"Si wewe. Namuulizia shemeji."