Kinena cha Chuma

Yotham alikuwa amesimama kwa mguu mmoja katikati ya uwanja wa Mkonze, macho kafumba, anatabasamu kama mtu aliyealikwa harusi ya mtalaka wake. Ndani ya kinena, kitu kilikuwa kinamng'ata kama siafu.

"Sekunde arobaini," alisema Sidonia, mtaalamu wa viungo aliyekuja na daftari lake kutoka mjini. "Na hutikisiki?"

"Nimechunga ng'ombe, dokta. Mguu mmoja ndio kiti chetu."

Hapo hakudanganya. Uongo ulikuwa kwenye mengine yote. Miezi mitatu sasa suruali alikuwa anaivalia kitandani, amelala chali, na chafya ikimjia anatafuta kwanza ukuta wa kushika. Lakini juzi kocha Gaudence, mtu wa maneno ya kupima kwa kijiko, alitangaza: "Jumamosi anakuja mtaalamu kuwapima nyonga. Anaondoka na sita." Basi, akaenda zake.

Nani asiyejua mchezaji huondoka kwenda wapi? Ligi kuu hiyo! Na Yotham, ambaye kwenye leseni ana miaka ishirini na miwili na kwa mama yake ana thelathini, alijua hii ikimpita, kilichobaki ni kukoroga zege mpaka uzeeni. Asubuhi hiyo alimeza vidonge vinne vya maumivu, akateremshia na chai ya rangi.

Iddy, kipa wao, hakufika hata sekunde kumi. Alipoinua mguu tu akayumba kama mlevi anayetafuta mlango.

"Dokta, hapa kwenye kinena panauma," akasema. "Siwezi kukuficha."

Akaandikwa, akaelekezwa benchi, akaketi na majeruhi wenzake watano, wote wameinamisha vichwa kama wafiwa.

"Mdomo umekuponza, kipa!" Yotham akamrushia. "Ukifika kwenye zege nisalimie!"

"Wewe cheka tu," Iddy akajibu. "Mimi nimechoka kutembea kama bata."

Yotham akalazwa chali, goti likasukumwa nje mpaka likakaribia nyasi. Akaimba wimbo wa kanisani kimoyomoyo, beti mbili.

"Nyonga zinafunguka vizuri," Sidonia akaandika. "Kinena hakiumi?"

"Kinena cha chuma, dokta."

Likabaki jaribio la mwisho: kubana mpira katikati ya magoti kwa nguvu zote. Yotham akabana. Akaona nyota mchana kweupe, akamwona na marehemu babu yake anampungia mkono. Chozi likamtoka.

"Unalia?"

"Vumbi la Dodoma hili, dokta."

"Kama unaumwa sema, kaka. Si aibu."

"Mimi? Mwaka huu sijaugua hata mafua."

Sidonia akafunga daftari, akampa mkono. "Hongera. Laiti wote wangekuwa kama wewe."

"Tunaondoka saa ngapi?"

"Sisi tunaondoka sasa hivi," akasema, akiwaita wale wa benchi wapande gari. "Hawa sita wanakwenda kutibiwa vinena, bure, mpaka wapone. Wewe nenda kapumzike."

Yotham akashika paja. "Dokta! Dokta, hata mimi naumwa! Nakuapia, siwezi hata kuvaa suruali!"

Sidonia akapanda mbele, akafunga mlango.

"Twende," akamwambia dereva. "Kila uwanja ni hivi hivi. Gari likiwashwa tu, wazima wote wanaanza kuchechemea."