Karatasi Mgongoni

"Mwandikieni mwenzenu jambo jema tu," aliagiza mgeni aliyeletwa shuleni Kariobangi kufundisha ubaya wa ukabila. Kila mwanafunzi alikuwa amebandikwa karatasi mgongoni.

Khavere, Mluhya pekee katika kundi lake, alihisi kalamu zikimtekenya juu ya sweta. Akatabasamu.

Muda ulipokwisha, aliibandua karatasi yake akasoma.

"Atakuwa yaya mzuri."

"Anapiga deki poa sana."

"Mama angemwandika kazi kesho. Huyu hawezi kuiba."

Miandiko tisa, na wa rafiki yake wa dawati moja ukiwemo.

"Mmeona mnavyopendana?" mgeni akapiga makofi. "Haya, nani atatugawia chai?"

Kundi zima liligeuka kumtazama Khavere. Alikuwa ameshasimama.