Presha Inayoshuka

Kwa mara ya tatu mwezi ule, Bi Mwanakombo alimwita fundi Tindwa. Rejeta za ukutani zinazopasha nyumba joto zilikuwa zikigonga tena, presha ya boila inayochemsha maji yake imeshuka hadi chini, na baridi ya mji ule haikuwa na huruma kwa vikongwe.

Tindwa alipapasa kila kiungio cha bomba, chumba hadi chumba, asione hata tone. Katika chumba cha mwisho aliinua pazia refu lililofunika rejeta. Nyuma yake palikuwa na bakuli la maji meusi ya kutu, na kando yake ufunguo mdogo wa kufungulia vali. Hapo akaelewa kwamba mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyatoa maji ili presha ishuke.

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama nyuma yake.

“Mwanangu,” alisema, macho chini, “tangu mzee wangu azikwe, hakuna anayepiga hodi hapa ila wewe.”

Tindwa hakumlaumu. Alijaza maji, akatoa hewa, hata mabomba yakanyamaza kabisa. Ukimya ulioingia nyumbani ulimtia simanzi yeye mwenyewe.

“Nitakuja Jumamosi, mama,” alisema akielekea mlangoni. “Kukujulia hali tu.”

“Haya, baba.” Bi Mwanakombo alitabasamu kidogo. “Hata wanangu husema Jumamosi.”

Tindwa alibaki kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, upepo wa baridi ukiingia kwa mlango aliokwisha kuufungua.