Mshale Kwenye Sifuri

"Mshale ulikuwa kwenye sifuri," alisema msambaza mikate kwa mara ya tatu, na chumba chote cha mahakama kikaangua kicheko. Hata karani alijificha nyuma ya kompyuta yake.

Hakimu hakucheka. Aligonga meza, akaitazama tena picha iliyomulikwa ukutani. Lilikuwa gari la mikate la mwanamke huyo, limepigwa picha kwa nyuma na kamera ya barabarani: bodi pana kama kabati, namba zinasomeka, nyuma kumeshuka chini. Kwenye kona paliandikwa spidi yake, themanini na mbili, mahali panaporuhusiwa hamsini. Tena mbele ya shule.

"Mama, kiri tu," hakimu alisema. "Ukikiri, nitakupa onyo. Ukibisha nikakutia hatiani, leseni inakwenda."

Shemeji ya msambaza mikate, aliyeketi benchi la mbele, alimkonyeza: kubali yaishe. Tangu juzi alikuwa akimwimbia wimbo huo huo. Bila leseni hakuna kusambaza mikate, na bila mikate watoto watakula nini? Msambaza mikate aliyajua hayo kuliko shemeji. Lakini kosa halikuwa lake, na kubeba la mwenzake hakuwa tayari, hata wangemfunga kamba wamkokote.

"Sikiri, mheshimiwa. Nataka kumuuliza sajini."

Sajini wa usalama barabarani alipanda kizimbani kifua mbele, akala kiapo kwa sauti ya mtu aliyezoea. Kituo chao kilikuwa kidogo. Aliyepima kamera, aliyesaini mashtaka na aliyeshika funguo za magari yote ya idara alikuwa yeye yeye.

"Kamera yako haiwezi kukosea?" mwanamke aliuliza.

"Niliipima mwenyewe wiki ile ile. Zinazodanganya ni spidomita za magari, na zenyewe hudanganya kwa kuzidisha. Watengenezaji huziacha zisome juu kidogo ya mwendo halisi, zisisome chini, ili dereva asijikute kwenye makosa bila kujua. Mshale wako ulipaswa kukaribia tisini. Sifuri umeitoa wapi?"

"Kwani mshale unajuaje mwendo?"

"Unafuata mzunguko wa magurudumu. Kwenye gari kama lako ni ya mbele, kwa sababu ndiyo yanayozungushwa na injini."

"Yasipozunguka?"

"Hapo utasoma sifuri." Sajini aliwageukia watu, akatabasamu. "Lakini mama yangu, gari halikimbii themanini magurudumu ya mbele yamepumzika!"

Kicheko kikarudi, safari hii kirefu zaidi. Shemeji aliinamisha kichwa kwa aibu. Msambaza mikate alihisi masikio yanawaka moto. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, ile ya kumfanya mtu arushe kiatu. Akaimeza. Alitaka mtu huyu ayaseme yote mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele za watu.

"Na mbona nyuma kumeshuka hivyo?"

"Umekanyaga mafuta kwa fujo, gari likainua pua. Hilo hata mwanafunzi wa udereva analijua."

"Na huyo je?"

Alinyoosha kidole kwenye ukingo wa picha. Pale palikuwa na mwanamke aliyeipa kamera mgongo, viatu mkononi, kitambaa cha maua makubwa kikimpepea kichwani, mguu mmoja hewani.

Sajini alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mpita njia, maskini. Umemkurupusha hadi amevua viatu, anakimbia kuokoa roho yake. Mheshimiwa, naomba niseme wazi. Mtu anayeendesha hivi mbele ya shule hafai kushika usukani. Leseni yake ichukuliwe, awe nani, awe nani."

"Awe nani?" mwanamke alirudia polepole.

"Hata angekuwa mama yangu mzazi."

Watu wa nyuma walipiga makofi. Sajini alishuka kizimbani, akaketi kando ya shemeji, akakunja nne.

"Mahakama inakubaliana na shahidi," alisema hakimu. "Picha ni sahihi, kipimo ni sahihi. Aliyekuwa kwenye usukani wakati ule atapoteza leseni yake. Mama, una neno la mwisho?"

"Ninalo, mheshimiwa. Nashukuru kwa kulisema hilo, na naomba karani asilifute."

Alifungua mkoba wake, akatoa kitambaa na kujifunga kichwani bila haraka. Kilikuwa na maua makubwa. Kisha akavua viatu, akavishika mkononi, akampa hakimu mgongo. Karani aliitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama picha tena.

"Anayekimbia ni mimi," alisema, macho yake yakiwa kwa sajini. "Nalifukuza gari langu, pua yake imening'inizwa nyuma ya gari la idara la kukokota magari. Haya sajini, kiapo chako bado cha moto: dereva alikuwa nani?"