Ulanga Sikioni

Sikio la Stambuli lilikuwa linang'aa.

Mwanaheri alikuwa nyuma ya mumewe, akilitazama sikio hilo tangu walipoanza kupanda mlima. Mume alikuwa ameoga vizuri kwa ajili ya Idi. Kichwa kimenyolewa, kanzu imefuliwa. Lakini ndani ya mikunjo ya sikio zilibaki chembe za ulanga, lile jiwe linalobanduka tabaka tabaka na kumeta kama magamba ya samaki. Mtu hapati ulanga sikioni kwa kupalilia mahindi.

Kunyamaza kulimchosha kuliko kupanda.

"Shemeji, mbona unavuta miguu?" Abasi, kaka yake Mwanaheri, aliita kutoka mbele. "Wali wa dada yangu umeshukia magotini?"

"Wali hauna kosa," Stambuli alijibu. "Nilidhani tunakwenda mtoni. Siku ya Idi watu hutembea mtoni."

"Mtoni ni kila siku. Leo tunamwonyesha Hidaya babu yake alikofia."

Hidaya, binti yao, alikuwa akirukaruka kando ya mjomba wake, kibwebwe kipya kiunoni, hajali babu wala mto.

Machimbo yalikuwa yamelala tangu Mdachi wa kwanza alipofunga virago. Vibanda vya vibarua vilikuwa vimebaki nguzo tu, na nguzo nazo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mwanaheri hakupapenda mahali pale. Mdachi yule alipouona ulanga, aliwatoa watu wa ukoo wake katika mashamba ya mama zao, kisha askari wakawaswaga wanaume kuja kuchimba. Baba yake aliangukiwa na mwamba humo humo. Mashamba waliyapata tena siku Mdachi aliposema ulanga umekwisha.

Sasa kulikuwa na Mdachi mwingine huko chini mjini Morogoro, akiuliza kama kweli umekwisha. Na watu wa mabondeni walisema kwamba usiku, huku juu, husikika jembe.

Katika Uluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mume hulima, hamiliki. "Mgeni akiuza mlima," Abasi alikuwa amemwuliza dada yake, "anapoteza nini?" Ni Abasi huyo huyo aliyepanga matembezi haya. "Mimi atanidanganya," alikuwa amesema. "Wewe hawezi. Muulize mbele yangu, tumalize."

Hilo lilikuwa kweli. Stambuli hakuwahi kumdanganya mkewe. Alichojua ni kukaa kimya.

Penye njia panda, Stambuli alisimama kumngoja.

"Mama Hidaya," alisema kwa sauti ya chini, "kuna neno nataka kukwambia. Turudi, mimi na wewe na mtoto."

"Liseme."

Stambuli akautazama mgongo wa Abasi. "Si hapa."

"Sina siri na kaka yangu."

"Ndiyo shida yenyewe," alisema, akaanza tena kupanda.

Abasi alikwisha kushika njia ya kushoto, akiimba. Alikuwa amesema hajakanyaga huku tangu machimbo yafungwe, lakini aliuruka mtaro uliofichwa na nyasi bila kutazama chini. Miguu ya mwindaji, Mwanaheri aliwaza, akamshika Hidaya mkono asije akatumbukia.

Walipolikaribia pango la zamani, mtoto alimponyoka.

"Mama! Njoo uone! Jembe!"

Lilikuwa limelazwa chini ya majani, pamoja na tenga. Mpini wake ulikuwa laini kwa kushikwa. Kando yake palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, haujaota hata jani, umeshindiliwa kwa miguu. Hapa na pale ulimeta.

Amechimba, kisha akafunika. Mwanaheri alimgeukia mumewe.

"Jembe hili la nani?"

Stambuli alilitazama jembe, kisha akamtazama mkewe. "Langu."

"Unakuja huku usiku?"

"Nakuja."

"Nami nimelala nadhani unafukuza nguruwe shambani!"

"Sikukwambia nafukuza nguruwe. Ulidhani mwenyewe. Mama Hidaya, nisikilize kwanza—"

"Watakusikiliza wazee wa ukoo. Ardhi ya mama yangu, Stambuli! Tumekupa shamba, tumekupa mtoto. Leo mkeka wako utaukuta mlangoni." Alisema haraka haraka, maana akinyamaza atalia. "Kaka, umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia," Abasi alisema. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Na wengine wamesikia."

Akapiga mluzi.

Kwenye mdomo wa pango wakatokea askari wawili wenye bunduki. Nyuma yao akatoka Mdachi, ameinama ili kofia yake nyeupe isigonge mwamba. Hidaya alikimbia akajificha katika kanzu ya baba yake. Stambuli hakukimbia. Hakumtazama Mdachi, wala Abasi. Alimtazama Mwanaheri.

Abasi akainamisha kichwa kwa heshima.

"Huyu hapa, Bwana Mkubwa," alisema. "Kila nikikuchimbulia, yeye anafukia."