Mashine ya Loïc Inapumua

Mashine ya kusaga ilinyamaza ghafla, na mstari mzima wa watu pale mtaani Jabe ukaduwaa, mabeseni kichwani.

“Inapumua tu,” Loïc akawatuliza, akajipenyeza nyuma ya pazia. Mara ikanguruma tena, nguuuu, ardhi ikatetemeka chini ya ndala zao. Watu wakapiga makofi.

Mama Dorothée peke yake hakupiga. Miaka kumi na moja alikuwa ametwanga muhogo wa mtaa mzima, na mchi huo ndio uliolisha wajukuu wake wanne. Kisha akatokea huyu Loïc wa Mutanga Sud, mtaa wa wenye nacho, kijana wa chuo mwenye kalamu tatu mfukoni, na mashine ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Unga ni ule ule wa muhogo, bei mara mbili, na watu wakaugombania. Watwangaji wenzake wakatoweka mmoja mmoja. Geneviève, walisema, amekimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka.

“Mazutu, mafuta ya mashine, anatoa wapi na mipaka imefungwa kwa vikwazo hivi?” Dorothée aliuliza. “Na stima hakuna tangu waasi waangushe nguzo kule milimani.”

“Mama, we uko wa zamani!” Consolate, aliyekuwa mteja wake, akamcheka. “Unga ya mukono iko na jasho. Hii ya mashine, mutu hajaigusa!”

Jana wajukuu walilalia chai ya rangi. Basi Dorothée akameza kiburi chake, akangoja mstari upungue, akamfuata Loïc.

“Mwanangu, nipe kazi. Hata ya kufagia.”

Loïc hakumtazama usoni. Alimshika mikono, akaigeuza, akabonyeza sugu za viganja kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

“Mashine unaijua, mama?”

“Apana. Mi najua mchi tu.”

“Ni vizuri. Na kufunga mdomo, unajua?”

Akaapa kwa Bikira Maria. Loïc akainua pazia.

Wanawake tisa walikuwa wanatwanga, jasho likidondokea ndani ya vinu. Katikati yao, juu ya gunia, redio-kaseti kubwa ya betri ilikuwa inanguruma.

Geneviève akasogea kumpa nafasi.

“Karibu, dada. Kaseti ikiisha, shikilia muchi juu mpaka Loïc aigeuze upande wa pili.”