Mkasi wa Mheshimiwa

Mashine ya leza ilikuwa na miezi mitatu hospitalini, bado imefungwa utepe mwekundu, kwa kuwa mheshimiwa hajaja kuizindua. Ngwali aliambiwa anakuja leo, akamleta mkewe alfajiri. Majipu ya kwapani yalikuwa yakimtesa Saumu mwaka wa tisa sasa. Likipona hili, linatumbuka lile. Dawa zote zilishindwa. Daktari alisema kilichobaki ni kuyachoma kwa ule mwanga.

Saumu alikaa kwenye benchi ameinua mkono, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Kuushusha hakuweza.

Saa nane muuguzi akatoka. "Baba, mheshimiwa ameahirisha. Hatujui mpaka lini."

"Si mkate tu huo utepe, mwanangu? Daktari si yumo?"

"Yumo. Lakini nikiukata mimi, kesho sina kazi."

"Wao wakitoka kipele wanapanda ndege," alisema Ngwali. "Sisi tungoje wapate nafasi ya kupigwa picha."

"Mwache mtoto wa watu, Baba Tunu," alisema Saumu. "Bora anitoe hili gauni, limenigandia kidondani."

Muuguzi alitafuta mkasi, hakuuona. Akarudi na ule wa uzinduzi, mpya, rangi ya dhahabu, uliokuwa umelazwa kwenye sinia. Ngwali akashika kiwiko cha mkewe. Mkono wa gauni ukakatwa polepole, na usaha ukachuruzika juu ya ile dhahabu.

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi. Mle ndani feni ilizunguka, na utepe ukawa unapepea.